Mjomba hakuwa kwenye usukani: kisa cha Noah ya Mikindani na madeni matano ya trafiki

Alhamisi moja ya Machi 2023, mwalimu mstaafu wa Mikindani alitoka nyumbani alfajiri kumpeleka mkewe Ndanda kwenye matibabu ya macho. Walikuwa kwenye gari lao aina ya Noah, lenye namba ya njano ya gari binafsi, alilolinunua kwa mafao yake. Walipofika Mingoyo, kabla ya kukata kona ya kwenda Masasi, askari wa usalama barabarani aliwasimamisha. Akamwamkia mzee, akaangalia leseni na stika ya bima, kisha akaingiza namba za gari kwenye mashine ya mkononi.

"Mzee, gari lako linadaiwa."

Mzee alidhani anadaiwa ada ya mwaka ya gari, ile tuliyozoea kuiita rodi laisensi. "Hiyo si ilifutwa 2017, mwanangu?" Ni kweli ilifutwa, na ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Askari akamgeuzia kioo cha mashine. Yalikuwa makosa matano ya barabarani, jumla shilingi 187,500. Mzee hakuwahi kusimamishwa na kuandikiwa hata mara moja tangu anunue gari hilo. Askari alimwona mama amefungwa kitambaa jichoni, akawaruhusu waende, ila akamtaka mzee amalize jambo hilo ndani ya wiki, maana kituo kinachofuata huenda wakalizuia gari.

Jumatatu alikuja kwangu. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mtwara, na kazi yangu kubwa ni mirathi, mashamba ya mikorosho na matunzo ya watoto. Mambo ya trafiki huja mara chache, kwa sababu watu hulipa na kunyamaza. Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya mzee na ya mpwa wake. Majina nimeyaacha.

Tulianza kwa kuifungua ile mistari mitano ya makosa. Mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari au ya leseni kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya trafiki akaona kila kitu: tarehe, mahali, kosa, kiasi. Mzee hakujua. Hata wenye magari wengi ninaokutana nao hawajui, na wanaojua hufungua siku ya kununua gari tu.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa Kiranjeranje, Novemba 2022: mwendo wa 67 mahali pa 50. Wa pili Somanga, siku hiyohiyo, mwendo wa 71. Wa tatu, siku mbili baadaye, kupita taa nyekundu kwenye Barabara ya Kilwa, Temeke. Wa nne, safari ya kurudi, kuovateki kwenye mstari usiokatika karibu na Nangurukuru. Wa tano ulikuwa wa Januari 2023, mwendo kasi, Morogoro. Kila mstari ulikuwa na faini ya 30,000 na nyongeza ya 7,500 ya kuchelewa kulipa.

Mzee alisoma, akavua miwani, akasema neno moja: "Harusi."

Novemba ile mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja, aliazima Noah kupeleka ndugu kwenye harusi Mbagala. Kwetu huku mjomba hamnyimi mpwa funguo. Mpwa ndiye damu ya ukoo, na asiyejua uzito wa ujomba kwa Wamakonde na Wamwera hawezi kuelewa kwa nini mzee hakuuliza hata leseni inaisha lini. Alimpa funguo, akampa na elfu hamsini ya mafuta.

Kwa hiyo mistari minne ilikuwa na maelezo. Wa tano haukuwa nayo, kwa sababu mwezi wa kwanza wote Noah ilikuwa juu ya matofali kwenye gereji ya uani, Magomeni ya hapa Mtwara, injini imeshushwa inafanyiwa ovaholi.

Nilipoangalia tena niliona kitu ambacho mzee hakukiona. Mistari ya Kiranjeranje na Nangurukuru ilikuwa na namba ya leseni ya dereva. Ya Somanga, Temeke na Morogoro haikuwa nayo. Nafasi ile tupu ndiyo ufunguo wa kisa chote, maana inatenganisha mambo ya aina tatu ambayo mashine ya Mingoyo ilikuwa imeyajumlisha kuwa deni moja la mtu mmoja.

Aina ya kwanza ni rahisi. Dereva alisimamishwa, akatoa leseni, akaandikiwa. Dola inamjua aliyekosea kwa namba yake. Hapo sioni sababu ya kumgeukia mwenye gari kabla ya kumgeukia dereva. Faini ya papo kwa papo ni njia ya mkato ambayo sheria imeiweka badala ya mahakama: unakiri, unalipa, yanaisha, ukikataa, unapelekwa mahakamani ukajitetee. Aliyekiri pale Kiranjeranje ni mpwa, na mtu hawezi kukiri kosa kwa niaba ya mjomba wake. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza anayeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Mzee hakushtakiwa na mtu, hakuulizwa neno, ila yeye ndiye aliyesimamishwa na mgonjwa garini.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Madereva wengi waliokwisha kuandikiwa hawalipi. Leseni hukaa mfukoni, na hakuna anayeitazama mpaka siku nyingine wasimamishwe. Gari halifichiki hivyo, lina namba mbele na nyuma. Deni likishikiliwa kwenye gari, mwenyewe atamtafuta dereva wake haraka kuliko askari yeyote. Kwa kampuni ya mabasi au tajiri mwenye Canter tano za kubeba korosho, hoja hiyo naikubali moja kwa moja, kwa sababu yeye ndiye anayepanga saa ya kuondoka na saa ya kufika, na mara nyingi mwendo wa dereva ni amri ya tajiri. Mzee wa Mikindani hakumwamuru mtu kukimbia.

Aina ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayotuunganisha na mjadala wa kamera unaoendelea duniani. Somanga askari alikuwa na tochi, ile kamera ya mkononi ya kupima mwendo, akapiga picha, gari likapita. Kwa kawaida picha hutumwa mbele na gari likasimamishwa kituo kinachofuata. Siku ile halikusimamishwa. Temeke ilikuwa vivyo hivyo, picha ya gari katikati ya makutano, taa ikiwa nyekundu. Picha inaonyesha gari na namba yake, na sura ya aliyeshika usukani haionekani. Sasa nani anawajibika?

Kamera za taa nyekundu, zile zinazojiendesha zenyewe, kwa kawaida hupiga picha mbili. Ya kwanza gari likiwa bado nyuma ya mstari na taa imeshawaka nyekundu, ya pili likiwa ndani ya makutano. Picha ya kwanza inamlinda aliyeingia taa ikiwa ya njano akakwama katikati. Picha ya Temeke ilikuwa moja tu. Niliiona kwenye simu ya ofisa wa trafiki, na kwa macho yangu sikuweza kusema kama Noah ilivuka mstari kabla au baada ya nyekundu. Mpwa mwenyewe alikiri alipita, alikuwa anafuata gari la bwana harusi asipotee. Hapo ukweli wake ndio uliofunga jambo, wala si ile picha. Asingekiri, mimi ningemshauri mzee akatae.

Nchi zenye kamera hizi zimelijibu swali la mwenye gari kwa njia zisizofanana. New York, iliyoanza na kamera za taa nyekundu miaka ya 1990, inamtoza mwenye gari dola 50, hata kama hakuendesha, ila leseni yake haiguswi, kwa sababu hawajui nani aliendesha. California kwa miaka mingi ilitaka sura ya dereva ionekane, na dereva ndiye aliyekuwa mkosaji. Ujerumani nayo inamfuata dereva. Uingereza imeshika njia ya tatu: chini ya kifungu cha 172 cha sheria yao ya barabara ya 1988, mwenye gari anaandikiwa barua, naye ana siku 28 za kumtaja aliyeendesha. Akikaa kimya bila sababu, kosa lake ni kukaa kimya, na adhabu yake inaweza kuzidi ile ya kosa lenyewe.

Mimi naipenda hiyo ya tatu kwa mazingira yetu, na sababu yangu ni ya Mikindani kabla ya kuwa ya kisheria. Gari kwetu halina mwendeshaji mmoja. Linakwenda harusini, msibani, mnadani, linampeleka jirani kujifungua usiku. Kusema "mwenye kadi ndiye mkosaji" ni kumwadhibu mtu kwa ukarimu wake. Kusema "mwenye kadi hahusiki" nako ni kufungua mlango wa kila mtu kudai hakuwepo. Ila kumwambia mwenye kadi "gari lako, funguo zako, tuambie ulimpa nani" ni kumdai kitu ambacho kweli anacho. Mzee alipoulizwa tu, alijibu kwa neno moja, bila daftari.

Lakini lazima aulizwe mapema. Yeye alijua baada ya miezi minne, na kila mstari ulikuwa umeshaongezwa 7,500. Hiyo nyongeza ya kuchelewa ndiyo iliyoniuma kuliko faini. Mtu anachelewaje kulipa kitu asichoambiwa? Namba ya simu ya mwenye gari serikali inayo, maana gari husajiliwa mamlaka ya mapato (TRA) kwa namba ya mlipakodi (TIN). Ujumbe mmoja wa simu siku ile ya Novemba ungemfanya mzee ampigie mpwa wake akiwa bado Mbagala, na pengine ule mstari wa Nangurukuru usingeandikwa.

Aina ya tatu ni Morogoro, yaani gari silo. Hapa tulihitaji ushahidi, na ushahidi wa gereji za uani ni shida. Fundi hana risiti. Ana daftari lenye madoa ya oili, limeandikwa "Noah ya Mwalimu, hedi, ringi, gasketi", bila tarehe. Kilichotuokoa ni duka la spea. Mzee ni mtu wa karatasi, alidai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, aliponunua gasketi na ringi, na ile risiti ina tarehe na saa vimechapwa na mashine, siku mbili kabla ya kosa la Morogoro. Fundi alikuwa pia amemtumia kwenye WhatsApp picha za injini ikiwa chini, na namba ya gari inaonekana nyuma ya miguu ya mtu. Tukaongeza maelezo ya fundi kwa maandishi, yamesainiwa.

Ofisi ya trafiki tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza jibu lilikuwa lipa kwanza, kisha lalamika. Mzee alitaka kulipa. Nilimzuia, na sina uhakika ningemzuia mwingine mwenye gari la biashara, ambaye siku moja bila kazi inamla zaidi ya 37,500. Hapa ndipo mfumo unapowabana watu, kwa sababu faini ni ndogo kuliko gharama ya kuipinga. Nauli ya daladala kutoka Mikindani, kutoa kopi, siku nzima ya foleni, na ukichagua mahakama ni siku nyingine nyingi. Kwa hiyo kila mwenye akili ya hesabu analipa, na makosa ya kuandika namba hayajulikani kwa sababu hakuna anayeyafikisha mezani.

Mara ya pili tulimkuta ofisa aliyekuwa tayari kusikiliza. Alisoma barua yetu yote, jambo ambalo nalitaja kwa shukrani, akapiga simu Morogoro. Mara ya tatu, wiki tatu baadaye, picha ilikuwa imefika. Ilikuwa Noah nyeupe. Ya mzee ni ya kijivu. Herufi ya mwisho ya namba yake ilikuwa V, mwandikaji akasoma U. Mstari ukaondolewa siku ileile.

Barua yetu ilikuwa na ombi la pili, kwamba nyongeza za kuchelewa kwenye mistari ya Somanga na Temeke zifutwe, kwa kuwa hakuna aliyejulishwa, mwenye gari wala dereva. Ombi hilo halikujibiwa. Nililiuliza kwa mdomo, nikaambiwa mfumo ndio unaoongeza. Bado naamini tulikuwa sahihi, na ningeandika barua ile tena.

Zikabaki 150,000, na swali la nani alipe, ambalo halikuwa la polisi tena. Kikao kilikaa nyumbani kwa mzee, barazani, baada ya alasiri. Alikuwepo dada yake, mama wa kijana. Mpwa aliamkia, akakaa chini kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo.

"Mjomba, ile ya Kiranjeranje na ile ya Nangurukuru nilizijua. Nilitaka kulipa korosho zikitoka, nikasahau. Za Somanga na Temeke sikuzijua, naapa."

Nilimwamini, kwa sababu ndivyo mistari ilivyoonyesha, na yeye alikuwa hajaiona. Ila kijana ni bodaboda wa Chikongola, na hesabu yake ilikuwa ya bodaboda. Alidhani ni elfu kumi kumi, kwa kuwa bajeti ya 2021 ilishusha faini za pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000. Alipotajiwa 150,000 alishika kichwa.

Kisha mama yake akauliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza mwanzo: "Leseni yako iko wapi?" Ilikuwa imeisha Desemba. Na Februari, Noah ilipotoka gereji, mzee alimpa tena funguo aende Newala msibani.

Hapo mzee alibadilika uso. Nilimweleza bila kupunguza. Makosa ya Novemba yalikuwa ya mpwa. Safari ya Newala ilikuwa na kosa la mjomba mwenyewe. Kumruhusu asiye na leseni hai kuendesha gari lako ni kosa lako, hata kama ulikuwa umelala Mikindani. Na bima ile ndogo ya lazima, inayomlinda anayegongwa, ina masharti kuhusu leseni ya dereva. Mtu angegongwa njia ya Newala, kampuni ya bima ingekuwa na pa kushikia, na aliyeumia angemtafuta mwenye gari na nyumba yake. Mzee alikuwa amehangaika mwezi mzima kwa 187,500, na Februari alikuwa amekaa kwenye hatari ya mamilioni bila kujua. Mfumo uliomwandikia deni la Morogoro lisilo lake haukuwa umeliona hilo la Newala, ambalo lilikuwa lake kabisa.

Hawakubishana sana kuhusu fedha. Mpwa alibeba faini zote nne na nyongeza za yale makosa mawili aliyoyajua, jumla 135,000, kwa awamu. Zile 15,000 za nyongeza ya Somanga na Temeke mzee alisema atalipa yeye. Nilimpinga, nikasema hizo hazimhusu yeyote kati yao. Akanijibu kwamba gari ni lake na hakuwahi kulichungulia, na kwamba hataki kumwacha mtoto wa dada yake na mzigo ambao hata yeye hakuujua. Sikuwa na la kuongeza kwa mtu aliyeamua hivyo mbele ya dada yake. Alitanguliza zote 150,000 kwa simu jioni ileile, ujumbe wa malipo ukaingia, tukafungua mfumo pamoja na mistari ikawa imelipwa.

Mpwa alimaliza kurudisha Novemba, mnada wa pili wa korosho. Katikati ya mwaka alikuwa ameshahuisha leseni, akaja nayo Mikindani kuazima gari kwa ajili ya unyago wa binti wa jirani yao. Mzee aliipokea ile kadi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma tarehe ya mwisho kwa sauti, kisha akachukua daftari la shule lililoning'inizwa msumari mmoja na funguo, akaandika jina, tarehe, saa ya kutoka na mahali anapokwenda. Akampa kalamu asaini. Kijana akasaini, akapewa funguo, na elfu hamsini ya mafuta.